Gari likishindwa kuvuta mzigo uliotangazwa: haki za mnunuzi kisheria

MNUNUZI wa gari aliyeahidiwa kwamba litavuta kilo 3,500, kisha akabaini kuwa haliwezi kupandisha mzigo huo mlimani bila injini kuchemka, hajapoteza haki zake. Sheria za Tanzania zinampa njia kadhaa za kudai: kurudisha gari, kulipwa fidia, au kumfikisha muuzaji mbele ya Tume ya Ushindani (FCC).

Hata hivyo, nguvu ya dai hilo hutegemea mambo matatu ambayo wanunuzi wengi hawayafikirii siku ya kulipa. La kwanza ni mahali ilipoandikwa nambari ya uwezo wa kuvuta, la pili ni mnunuzi alimwambia nini muuzaji, na la tatu ni muda uliopita kabla ya kulalamika.

Suala hili si dogo. Pikapu na magari ya aina hiyo hununuliwa ili kuvuta matela ya maji, jenereta, mifugo, mazao na boti za uvuvi. Gari lililozidiwa na tela halimwachi mwenyewe na hasara ya klachi na giaboksi pekee. Katika mteremko kama wa Kitonga mkoani Iringa, breki zilizopata moto kupita kiasi ni suala la uhai wa aliyemo garini na wa anayekuja mbele yake.

Nambari hupatikanaje?

Nambari kubwa inayoonekana katika vipeperushi vya magari ni kiwango cha juu kabisa, na mara nyingi huwa na masharti. Sharti la kwanza ni breki za tela. Katika masoko ya Ulaya na Australia, pikapu nyingi kubwa hutangazwa kuwa na uwezo wa kuvuta kilo 3,500, lakini nambari hiyo ni ya tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, kiwango cha magari hayo hayo hushuka hadi kilo 750.

Sharti la pili ni uzito wa jumla wa gari na tela vikiwa pamoja, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Tuchukue mfano wa hesabu wa pikapu yenye uzito wa kilo 2,100 ikiwa tupu. Inaruhusiwa kufikia kilo 3,100 ikiwa na watu na mizigo, na imetangazwa kuvuta kilo 3,500. Mtengenezaji ameweka kikomo cha kilo 5,950 kwa gari na tela kwa pamoja.

Ukitoa kilo 3,500 za tela katika kilo 5,950, gari linabakiwa na kilo 2,450. Maana yake ni kwamba watu na mizigo ndani ya pikapu hiyo havipaswi kuzidi kilo 350. Watu wanne wazima wenye kilo 75 kila mmoja huacha nafasi ya kilo 50 tu. Iwapo pikapu itajazwa hadi kikomo chake cha kilo 3,100, tela halipaswi kuzidi kilo 2,850.

Kwa hiyo tangazo linaweza kuwa na nambari iliyo sahihi kiufundi na bado likampotosha mnunuzi, ikiwa limenyamazia masharti hayo.

Sharti la tatu ni mazingira ya kipimo. Kanuni za Ulaya hutaka gari lililofungwa tela liweze kuondoka mara tano ndani ya dakika tano katika mwinuko wa asilimia 12. Hicho ni kipimo cha kuondoka, wala si cha kupanda kwa saa nzima chini ya jua. Aidha, injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kadiri gari linavyopanda nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi. Mji wa Mbeya uko takribani meta 1,700 juu ya usawa wa bahari.

Nchini Marekani, kwa miaka mingi kila kampuni ilijipimia yenyewe kwa utaratibu wake. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilitoa kiwango cha pamoja kinachojulikana kama J2807. Miongoni mwa vipimo vyake ni kupanda barabara ndefu ya mlimani katika jimbo la Arizona huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa hadi mwisho. Toyota ilikuwa ya kwanza kukifuata, kwa magari ya toleo la mwaka 2011, na kampuni kubwa za Marekani zilifuata miaka kadhaa baadaye.

Hali kadhalika, nambari za watengenezaji zimewahi kuthibitika kuwa si za kweli. Aprili 2016, kampuni ya Mitsubishi Motors ilikiri kwamba takwimu za matumizi ya mafuta za magari madogo yapatayo 625,000 yaliyouzwa nchini Japan zilitokana na majaribio yaliyofanywa isivyo. Takwimu hizo zilikuwa za mafuta, si za kuvuta, lakini fundisho ni moja: nambari ya kipeperushi ni dai la muuzaji, na dai huweza kupimwa.

Sheria tatu za kumlinda mnunuzi

Ya kwanza ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kwa mujibu wa sheria hiyo, bidhaa inapouzwa kwa maelezo, kuna sharti lisilohitaji kuandikwa kwamba itafanana na maelezo hayo. Aidha, mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, kwa namna inayoonyesha kwamba anategemea ujuzi wake, bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo kwa kiasi cha kuridhisha.

Ya pili ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mtu aliyeingia katika mkataba kwa sababu ya maelezo yasiyo ya kweli anaweza kuutengua. Lakini sheria hiyo ina tahadhari: ikiwa maelezo yalikuwa ya makosa tu, bila nia ya kudanganya, na mnunuzi alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, hataweza kuutengua mkataba kwa sababu hiyo. Muuzaji atauliza mara moja kwa nini mnunuzi hakusoma kitabu cha maelekezo kilichokuwamo garini.

Ya tatu ni Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyoanzisha FCC. Sheria hiyo inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha, pamoja na maelezo ya uongo kuhusu ubora, kiwango au utendaji wa bidhaa. Sheria hiyo inatumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake yenyewe ya ushindani na ulinzi wa mlaji.

Tangazo lina uzito gani?

Si kila sifa inayotajwa katika tangazo hugeuka kuwa ahadi ya kisheria. Maneno kama "gari lenye nguvu za ajabu" huchukuliwa kuwa ni mbwembwe za soko. Lakini "linavuta kilo 3,500" ni maelezo ya jambo linaloweza kupimwa.

Kwa kuwa sheria ya Tanzania ina mizizi yake katika sheria ya Uingereza, hukumu za nchi hiyo huweza kutumiwa mahakamani kama hoja za kushawishi, ingawa hukumu za karibuni hazimfungi jaji wa hapa. Kesi tatu zilizoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza zinaonyesha mstari unakopita.

Katika kesi ya Oscar Chess dhidi ya Williams, mwaka 1957, mtu binafsi aliuza gari aina ya Morris akisema ni la mwaka 1948, kumbe lilikuwa la mwaka 1939. Alitegemea kadi ya gari iliyokuwa imeghushiwa na mtu mwingine kabla yake. Mahakama ilisema maelezo yake hayakuwa sehemu ya mkataba, kwa kuwa hakuwa na ujuzi wa pekee, na aliyenunua alikuwa mfanyabiashara wa magari.

Mwaka 1965, katika kesi ya Dick Bentley Productions dhidi ya Harold Smith (Motors), mambo yalikuwa kinyume. Mfanyabiashara wa magari alisema gari aina ya Bentley lilikuwa limetembea maili 20,000 tu tangu lifungwe injini mpya, kumbe lilikuwa limetembea takribani maili 100,000. Mahakama ilimbana, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuujua ukweli.

Kesi ya tatu, Beale dhidi ya Taylor ya mwaka 1967, ilihusu tangazo la gazetini la gari aina ya Triumph Herald la mwaka 1961. Baadaye iligundulika kuwa lilikuwa nusu mbili za magari mawili zilizounganishwa kwa kuchomelewa, na nusu moja tu ndiyo iliyokuwa ya mwaka huo. Ingawa muuzaji alikuwa mtu binafsi asiyejua kasoro hiyo, na ingawa mnunuzi aliliona gari kabla ya kununua, mahakama iliamua kuwa gari liliuzwa kwa maelezo ya tangazo na mnunuzi alistahili fidia.

Kwa ufupi, mwenye yadi ya magari anayetaja nambari ya uwezo wa kuvuta yuko katika nafasi ngumu ya kujitetea kuliko jirani anayeuza gari lake la zamani. Hata hivyo, jirani naye hayuko salama akiiandika nambari hiyo katika tangazo.

Mtego wa jina la gari

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ina kifungu ambacho wengi hawakijui. Mtu anaponunua bidhaa mahususi kwa jina lake la kibiashara, hakuna sharti la moja kwa moja kwamba itafaa kazi fulani. Mnunuzi anayeingia yadini na kusema "nataka pikapu ya jina hili, toleo hili", kisha akalipa, amechagua mwenyewe, na itakuwa vigumu kwake kudai kwamba alitegemea ujuzi wa muuzaji.

Mwaka 1925, katika kesi ya Baldry dhidi ya Marshall, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilionyesha njia ya kuukwepa mtego huo. Mnunuzi aliwaandikia wauzaji kwamba anataka gari la starehe linalofaa kwa safari za matembezi. Wao wakampendekezea Bugatti, gari ambalo halikuifaa kazi hiyo. Mahakama ilisema kutajwa kwa jina la gari katika mkataba hakukuwaokoa wauzaji, kwa sababu mnunuzi alieleza kwanza kazi aliyoitaka na kutegemea ushauri wao.

Kwa mnunuzi wa leo, sentensi moja iliyoandikwa kabla ya malipo inatosha: "Nahitaji gari la kuvuta tela lenye breki, uzito wa kilo 2,500, likiwa na watu watatu na mzigo wa kilo 300, katika barabara za milima." Ujumbe wa simu au barua pepe unafaa, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua kama ushahidi.

'Linauzwa kama lilivyo'

Mikataba mingi ya magari yaliyotumika ina maneno hayo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inaruhusu wahusika kukubaliana kuyaondoa masharti yasiyoandikwa, hivyo maneno hayo yana nguvu na hayapaswi kupuuzwa.

Pamoja na hayo, yana mpaka wake. Mwaka 1934, katika kesi ya Andrews Brothers dhidi ya Singer, mkataba ulihusu magari mapya na ulikuwa na kifungu kinachoondoa masharti yasiyoandikwa. Gari moja lililoletwa halikuwa jipya. Mahakama ilisema kifungu hicho hakiwezi kufuta kilichoandikwa waziwazi, na neno "mapya" lilikuwa limeandikwa katika mkataba.

Hapo ndipo thamani ya kuiandika nambari inapoonekana. Uwezo wa kuvuta ukiandikwa ndani ya mkataba wenyewe, maneno "linauzwa kama lilivyo" peke yake hayatoshi kumkinga muuzaji. Ukibaki katika kipeperushi, mnunuzi anaanza na ugomvi wa kuthibitisha kwamba kipeperushi kilikuwa sehemu ya makubaliano.

Muda humla mnunuzi

Kukiukwa kwa sharti la msingi humpa mnunuzi haki ya kulikataa gari na kurudishiwa fedha zake. Haki hiyo hupotea mapema. Mnunuzi huhesabiwa kuwa amelikubali gari ikiwa atamwambia hivyo muuzaji, atalifanyia jambo linaloonyesha kuwa ni lake kabisa, au atakaa nalo kupita muda unaofaa bila kulikataa. Kwa gari mahususi lililochaguliwa yadini, kuhama kwa umiliki pekee kunaweza kumwachia haki ya fidia tu.

Mahakama zimekuwa kali kuhusu muda huo. Katika kesi ya Bernstein dhidi ya Pamson Motors ya mwaka 1987, mnunuzi wa Nissan mpya nchini Uingereza alikaa nalo wiki tatu tu na kuliendesha takribani maili 140 kabla injini haijaharibika. Mahakama ilisema amechelewa kulirudisha, ikampa fidia.

Dai la fidia lina muda mrefu zaidi. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai yanayotokana na mkataba yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka sita. Kipimo cha kawaida cha fidia ni tofauti kati ya thamani ya gari lililoletwa na thamani ambayo lingekuwa nayo kama lingekuwa na uwezo ulioahidiwa, pamoja na hasara nyingine ambayo wahusika wangeweza kuitarajia.

Magari yaliyoagizwa nje

Mnunuzi anayeagiza gari moja kwa moja kutoka Japan ana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa aliyefunga naye mkataba yuko ng'ambo. Vilevile, magari mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na injini, giaboksi na ekseli tofauti kulingana na soko yalikotengenezewa. Nambari iliyochukuliwa katika kipeperushi cha Australia au Ulaya inaweza kuwa haihusiani kabisa na gari lililotengenezwa kwa ajili ya Japan.

Anayenunua kupitia wakala aliyeko nchini ana nafuu. Sheria ya Mikataba inachukulia, isipokuwa ikionyeshwa vinginevyo, kwamba wakala anayefunga mkataba wa mauzo ya bidhaa kwa niaba ya mfanyabiashara anayeishi nje ya nchi anawajibika yeye binafsi. Wakala wa aina hiyo hawezi kuishia kusema tu, "mwenye gari yuko Japan".

Hatua za kuchukua

Mnunuzi anayeshuku kwamba gari lake haliwezi kazi iliyotangazwa anashauriwa kufuata utaratibu huu:

1. Aache kuvuta mzigo huo. Kuendelea kunahatarisha maisha, na muuzaji atadai kwamba uharibifu umesababishwa na matumizi mabaya.

2. Apime uzito wa gari na tela, kwa pamoja na kila kimoja peke yake, katika mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na atunze karatasi ya kipimo. Bila uzito halisi wa tela, hakuna kesi.

3. Alinganishe nambari nne: za tangazo, za mkataba, za kitabu cha maelekezo na za kibati cha mtengenezaji kilichobandikwa kwenye gari.

4. Ahifadhi tangazo, kipeperushi, ujumbe wa simu na risiti. Tangazo la mtandaoni linaweza kuondolewa siku hiyo hiyo, hivyo picha yake ipigwe mapema.

5. Amwandikie muuzaji barua bila kuchelewa, akieleza kasoro na anachodai: kurudisha gari, kupunguziwa bei au kulipwa fidia. Anayetaka kulirudisha aseme hivyo wazi na asiendelee kulitumia.

6. Muuzaji akikataa, apeleke malalamiko FCC. Tume hiyo inaweza kuamuru mwenendo huo ukomeshwe, kutoza faini na kuamuru fidia kwa aliyeathirika. Asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

7. Kwa dai la mkataba, afungue shauri katika mahakama yenye mamlaka kulingana na thamani ya dai. Maoni ya maandishi ya fundi mwenye sifa, yaliyochukuliwa kabla gari halijafunguliwa, ni ushahidi muhimu.

Kwa ambaye bado hajanunua, kazi ni nyepesi zaidi. Aombe uzito wa gari likiwa tupu, kikomo cha gari likiwa na mzigo, na kikomo cha gari na tela kwa pamoja. Aombe nambari hizo ziandikwe katika mkataba na kutiwa saini, kisha alijaribu gari kwa tela lenye uzito anaoukusudia kabla ya kulipa. Muuzaji anayeitangaza nambari kwa herufi kubwa barabarani lakini akakataa kuiandika katika karatasi ya mauzo, atakuwa amekwisha kutoa jibu.